Chakula cha Mwanafunzi ni Sehemu ya Masomo Yake

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, Mlezi wa viumbe vyote, aliyemuumba mwanadamu hali ni dhaifu mwenye haja ya kula na kunywa, kisha akamtandikia ardhi na kumwoteshea humo nafaka na mboga na matunda. Tunamshukuru kwa neema tunazozijua na kwa zile tusizozijua. Tunashuhudia ya kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke yake, na tunashuhudia ya kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Rehema na amani zimshukie yeye, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Amma baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tunakuusieni pamoja na kuziusia nafsi zetu tumche Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Mwenye kumcha Mungu huangalia kwanza zile amana alizokabidhiwa, na katika amana zetu hapana iliyo nzito kuliko watoto wetu.

Ndugu Waislamu, maneno yetu ya leo ni juu ya jambo ambalo huenda baadhi ya watu wakaliona dogo mno kupandishwa mimbarini. Ni juu ya bakuli la uji. Ni juu ya chakula anachokipata mtoto awapo shuleni na chuoni, na kile anachokikosa. Mara nyingi tumekumbushana fadhila za elimu, na daraja ya mwanachuoni, na wajibu wa mzazi kumpeleka mwanawe kusoma. Yote hayo ni kweli. Lakini ni mara chache tunapojiuliza: mtoto huyu tunayemhimiza asome, je, amekula?

Tuanze na habari aliyoipokea Imamu Bukhari katika mkusanyo wake wa hadithi sahihi. Abu Huraira (r.a.) alikuwa mmoja wa watu wa Suffa, nao ni wale masahaba mafukara waliokaa chini ya kipaa cha Msikiti wa Madina, hawana jamaa wala mali, wakajitolea kuisoma dini. Njaa ilikuwa ikimshika Abu Huraira hata akafunga jiwe tumboni. Siku moja akakaa kwenye njia wanayopita watu. Akapita Sayyidna Abubakar, Abu Huraira akamuuliza juu ya aya moja ya Kurani. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba hakuuliza kwa kuitaka aya. Alitaraji tu kwamba yule bwana atamchukua nyumbani ampe chakula. Sayyidna Abubakar akapita. Akaja Sayyidna Umar, Abu Huraira akamuuliza vile vile, naye akapita. Kisha akaja Mtume (s.a.w.). Alipomwona tu akatabasamu, akayajua yaliyomo moyoni mwake na yaliyoandikika usoni pake, akamwambia amfuate.

Nyumbani likapatikana bakuli la maziwa lililoletwa kuwa ni zawadi. Mtume (s.a.w.) akamtuma Abu Huraira awaite watu wote wa Suffa. Abu Huraira akaingiwa na huzuni, akiwaza maziwa haya yatamtosha nani, lakini akatii. Wakaja, wakaketi, na bakuli likapita kwa kila mmoja mpaka wote wakashiba. Ndipo Mtume (s.a.w.) akamkalisha Abu Huraira akamtaka anywe, na aongeze, na aongeze tena, mpaka akasema hana pa kuyatia. Mwisho wa wote akanywa Mtume mwenyewe yaliyobaki, baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu.

Enyi Waislamu, tuizingatie vyema habari hii. Mabwana wale wawili, nao ndio bora wa umma baada ya Mtume wao, hawakukusudia kumnyima mtu. Waliulizwa juu ya aya, wala haikuwadhihirikia kwamba nyuma ya swali la elimu lilikuwako swali la tumbo. Mtume (s.a.w.) aliusoma uso wa mwanafunzi kabla ya kulisikia swali lake. Na mwanafunzi yule aliyeshibishwa siku ile ndiye aliyekuja kuupokezea umma huu hadithi nyingi kuliko sahaba mwingine yeyote. Hesabu yake iliyo mashuhuri kwa wanavyuoni ni hadithi 5,374. Nani awezaye kusema ni elimu kiasi gani ingalipotea, lau mwanafunzi yule angaliachwa aondoke Msikitini kwenda kuihangaikia riziki yake?

Tukitazama historia ya umma wetu tunaona ya kwamba waliotutangulia waliufahamu mfano huu. Pale Al-Azhar, mjini Cairo, wanafunzi walikuwa wakipewa posho ya mikate kutokana na mali za wakfu. Sultani Muhammad wa Pili alipojenga msikiti wake mkubwa mjini Istanbul, kati ya mwaka 1463 na 1470, aliweka kando yake madrasa, na pamoja na madrasa akaweka jiko la kuwapikia wanafunzi na masikini. Katika Yerusalemu, mke wa Sultani Suleiman aliweka wakfu jiko la namna hiyo mwaka 1552. Na katika pwani yetu hii, wazee wetu waliweka wakfu minazi na mashamba kwa ajili ya misikiti na vyuo. Hao wote hawakuona aibu kuandika katika hati moja habari za vitabu na habari za kuni. Walijua kuwa elimu hukaa katika kiwiliwili, na kiwiliwili hakiishi kwa nasaha.

Ndugu wasikilizaji, hayo ndiyo tuliyoyapata katika dini na historia. Sasa natuyatazame waliyoyaona wataalamu wa lishe na wa elimu, kwani hekima ni kitu cha Mwislamu kilichompotea; popote aipatapo huiokota.

Wataalamu wanatwambia kwamba ubongo wa mtu mzima aliyetulia hutumia kiasi cha sehemu moja katika tano za nguvu anazozipata mwilini, na kwamba kwa mtoto anayekua sehemu hiyo huzidi. Mtoto aliyekula chajio saa moja usiku, akaamka alfajiri na kutembea mwendo mrefu hadi shuleni bila ya kitu, hufika saa nne asubuhi akiwa amemaliza saa kumi na tano bila chakula. Katika hali hiyo mwili huanza kubania. Macho yapo ubaoni lakini akili haishiki. Mwalimu humwona mvivu. Mwenziwe humwona mjinga. Naye mwenyewe, hili ndilo baya zaidi, hujiona hivyo hivyo.

Na iko njaa nyingine isiyolia tumboni. Ni njaa ya mtoto ambaye tumbo limejaa muhogo au ugali kila siku, lakini mwili umekosa madini ya chuma na vitamini. Huyo hupungukiwa damu. Damu ikiwa haba, huchoka upesi, hujiinamia, husinzia. Ikiwa pamoja na hayo ana safura, yaani minyoo inayofyonza damu, basi tunampeleka shuleni mtoto aliyebeba mzigo usioonekana.

Jambo hili limepata kujaribiwa hapa hapa Afrika Mashariki. Katika Kyeni Kusini, Wilaya ya Embu nchini Kenya, kuanzia mwaka 1998 wataalamu walichukua shule 12 za msingi na kuwafuata watoto wa darasa la kwanza kwa muda wa miaka miwili. Katika baadhi ya shule watoto walipewa kila siku ya masomo githeri, yaani makande ya mahindi na maharage na mboga, yaliyotiwa nyama. Katika nyingine walipewa makande na glasi ya maziwa. Katika nyingine walipewa makande yaliyoongezwa mafuta. Na katika shule zilizosalia hawakupewa chakula wakati huo, ili pawe na cha kulinganishia. Watoto wa makande ya nyama waliwapita wenzao wote katika mitihani ya kupima ufahamu na kufikiri. Katika hesabu, wale wa nyama na wale wa mafuta waliwapita waliokosa chakula. Hata uwanjani, wa nyama walionekana wachangamfu zaidi, wenye kuanzisha michezo na kuwaongoza wenzao. Maziwa nayo yaliwafaa katika kimo watoto waliokuwa wamedumaa. Hivyo basi chakula huonekana katika daftari, tena si chakula chochote tu. Namna yake nayo ina hesabu.

Lakini tusiseme nusu ya kweli tukaificha nusu nyingine. Upande wa magharibi wa Kenya, katika Busia na Teso, wataalamu wengine walizilinganisha shule za watoto wadogo zilizopewa uji na zile zisizopewa, wakatoa ripoti yao mwaka 2004. Waliona ya kwamba penye uji, mahudhurio yalizidi kwa kiasi cha asilimia 30. Hayo ni makubwa. Ila katika mitihani, watoto walioendelea ni wale tu ambao mwalimu wao alikuwa amefunzwa kazi yake vizuri. Mahali pengine uji wenyewe ulikula saa za masomo, madarasa yakajaa, na walimu waliozoea kutofika kazini wakaendelea kutofika.

Hapa pana fundisho kwetu. Uji humleta mtoto na kumfungua masikio, lakini uji haufundishi. Afundishaye ni mwalimu. Basi asitokee mtu akasema kwamba maadamu tumeweka sufuria tumemaliza wajibu, wala asitokee mwingine akasema kwamba maadamu tuna mwalimu hodari sufuria haina haja. Kimoja hakisimami pasipo chenzake.

Enyi wazazi, sasa tunafika penye kiini cha khutba yetu, nalo ni jambo linalouma. Katika shule nyingi, chakula cha watoto hupatikana kwa michango ya wazazi. Tanzania ilipofuta ada ya shule mwanzoni mwa mwaka 2016, wako wazazi waliodhani kwamba na mchango wa chakula umefutwa. Mapipa ya unga yakawa matupu na majiko yakazimika. Mwaka 2021 serikali ikatoa mwongozo wa taifa juu ya chakula na lishe shuleni, na ndani yake wazazi na jamii wamo katika wenye jukumu. Nchini Kenya, Shirika la Chakula Duniani lililokuwa likisaidia kuwalisha wanafunzi wa sehemu kame tangu mwaka 1980 liliikabidhi serikali kazi hiyo mwaka 2018. Maana ya hayo yote ni moja: mgeni ameondoka, na mwenye nyumba ndiye mwenye kupika.

Basi hutokea nini pale mzazi mmoja anapochanga na mwingine asichange? Hutokea kwamba saa nne inapogonga, watoto hupangwa mistari. Jina lililomo daftarini husogea na bakuli. Jina lisilomo huambiwa likae kando, chini ya mti au nyuma ya darasa, mpaka wenzake wamalize. Harufu ya uji humfikia, uji haumfikii. Kisha kengele hulia na wote huingia pamoja kusoma somo moja, na jioni tunashangaa kwamba hawakulifahamu sawasawa.

Tunawafahamu walimu. Hawafanyi hivyo kwa ukatili. Wanasema, na wanasema kweli, kwamba wakimpa asiyechanga, mwezi ujao hatachanga hata yule aliyechanga. Lakini tujiulize mbele ya Mwenyezi Mungu: deni ni la nani, na adhabu inamfika nani? Mtoto wa miaka minane hana mshahara, hana shamba, wala hakuulizwa alipopangiwa baba. Kurani imetufunza mahali pengi kwamba nafsi haibebeshwi mzigo wa nafsi nyingine. Tunaisoma hukumu hiyo katika mambo ya Akhera. Je, tutaivunja kwenye foleni ya uji?

Wanahistoria wamepokea ya kwamba Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) aliweka utaratibu wa kuwapa watoto posho katika Baitulmali, na posho hiyo ilianza mtoto anapoachishwa ziwa. Usiku mmoja msafara ulifika Madina, akatoka kuulinda pamoja na Abdurrahman bin Auf, akasikia mtoto mchanga akilia. Akamwendea mama, akamnasihi, akarudi. Mtoto akalia tena, mpaka mara ya tatu. Yule mama, asimjue anayesema naye, akamwambia kwamba anamwachisha mwanawe kwa nguvu kabla ya wakati, kwa sababu Umar hatoi posho ila kwa aliyeachishwa. Asubuhi Sayyidna Umar alisalisha Sala ya Alfajiri hali kilio kinamzuia, hata watu wasiweze kuyapambanua maneno aliyoyasoma. Kisha akatangaza ya kwamba tangu siku ile posho itaanza mtoto anapozaliwa, na watu wasiharakishe kuwaachisha watoto wao.

Tazameni, ndugu zetu, uadilifu huo. Kanuni ilikuwa njema katika nia yake, lakini ilimwumiza mtoto. Na mwenye mamlaka alipojua, hakumlaumu mama wala hakuitetea kanuni, bali aliibadilisha. Nasi tuna kanuni zetu zenye nia njema. Yeyote katika kamati ya shule ambaye mstari wa saa nne umo mkononi mwake, na aikumbuke asubuhi ile ya Madina.

Njia iko. Anayedaiwa na adaiwe mwenyewe. Mjumbe wa kamati amwendee mzazi nyumbani au barazani, kwa faragha na kwa heshima, bila ya mtoto kutajwa mbele ya wenziwe. Mwenye uwezo asiyetaka kutoa abanwe na wazee wenziwe, kwani uzito wa maneno ya wazee haukupotea bado. Na asiye na uwezo, naye huyo yumo katika wale aliotuamuru Mwenyezi Mungu kuwasaidia, sehemu yake ibebwe na sanduku la sadaka la msikiti. Ama bakuli, lisogee kwa watoto wote, na mtoto asijue kamwe ni nani aliyemlipia.

Huenda mtu akasema kwamba mzigo huo ni mkubwa mno. Basi natupige hesabu. Tukikadiria gramu 50 za unga kwa bakuli moja la uji, na siku 190 za masomo katika mwaka, mtoto mmoja atahitaji kilo 9 na nusu za unga kwa mwaka mzima. Hazifiki kilo kumi! Ziongezee sukari kidogo, kuni, na ujira wa mpishi. Shule yenye watoto 400 itahitaji kilo 20 kwa siku, na kwa mwaka kilo 3,800, nayo ni magunia 38 ya kilo mia mia. Kwa mtu mmoja ni mengi. Kwa mtaa wenye nyumba mia tatu, na misikiti miwili, na wafanya biashara wake, si mengi. Nasi ndio tulioachiwa na wahenga msemo kwamba haba na haba hujaza kibaba. Pengine walimaanisha kibaba hasa.

Na tunapotoa, tusitoe kibovu. Katika Sura ya Al-Baqara Mwenyezi Mungu ametukataza kukusudia kutoa kilicho kibaya ambacho sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Katika zama zetu katazo hili linagusa uhai. Mahindi na karanga zisizokaushwa vyema hushika ukungu wenye sumu, nao kwa Kiswahili huitwa sumukuvu. Mwaka 2004 sumu hiyo iliwapata watu 317 katika sehemu za mashariki ya Kenya, na 125 kati yao wakafa. Basi gunia la mahindi yaliyopata unyevu lisitolewe kuwa sadaka ya watoto wa shule. Sadaka hutolewa katika kile ambacho mtu angempa mwanawe.

Vile vile sufuria isiile saa ya kusoma. Wasitolewe watoto madarasani, na aghalabu hutolewa wasichana, kwenda kuchota maji na kuokota kuni na kuosha masufuria. Binti aliyekosa somo la hesabu ili wenziwe wapate uji ametozwa mchango mkubwa kuliko wote. Na apatikane mpishi, alipwe haki yake kabla jasho lake halijakauka.

Tunasema haya, tukimwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yetu na kwa ajili yenu na kwa Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ndiye Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

KHUTBA YA PILI

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, anayelisha wala halishwi. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aliyekuwa akifunga jiwe tumboni na masahaba zake, akinywa wa mwisho baada ya wanafunzi wake.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Lakini Mwislamu hana udhuru huo. Kila mwaka, kwa mwezi mzima, Mwenyezi Mungu hutupa njaa kwa mikono yetu wenyewe ili tuijue. Nani kati yetu hajui hali yake baada ya Alasiri katika Ramadhani, pale mtu anaposoma ukurasa mmoja mara mbili? Nasi ni watu wazima, tumekula daku, tumeweka nia, tunatumai thawabu, na tunaijua saa ya kufuturu kwa dakika. Yule mtoto tuliyemtaja hana daku, hana nia ya saumu, wala hajui atafuturu saa ngapi. Aliyeonja njaa yenye miadi na amhurumie mwenye njaa isiyo na miadi.

Kisha natutazame majumbani mwetu, maana si kila njaa ya shuleni ni ya ufukara. Iko nyumba ambayo baba hutoka asubuhi akapita mgahawani, akanywa supu kwa chapati mbili, akazungumza siasa za dunia, na nyuma yake watoto wametoka na chai kavu. Huyo hana upungufu wa fedha. Ana upungufu wa kufikiri. Mtume (s.a.w.) ametufunza ya kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga, na kwamba yatosha kuwa ni dhambi mtu kuwapoteza wale anaowajibika kuwalisha. Mwanzo wa sadaka ni jikoni kwa mtu.

Wala si lazima kiwe chakula cha ghali. Kiporo cha muhogo au wali wa jana uliohifadhiwa vizuri na kupashwa moto, viazi vya kuchemsha, uji uliotiwa maziwa au karanga zilizo safi, vyatosha kumfikisha mtoto saa nne. Mchana, katika kunde, mbaazi na maharage, tia dagaa. Dagaa wachache waliosagwa humpa mtoto sehemu ya kile walichokipata wale wa Embu katika nyama. Mpe pera au chungwa pamoja na chakula, maana tunda la namna hiyo huusaidia mwili kulipokea chuma lililomo katika mboga na nafaka. Na chai iliyokolea isinywewe pamoja na chakula hicho, kwani hulizuia. Na zile senti anazopewa mtoto za kununua barafu za rangi na pipi kwenye lango la shule, zikikusanywa kwa mwezi, zitanunua unga.

Na kwenu ninyi, walimu wa vyuo na madrasa, tunakukumbusheni kwa heshima mnayostahiki. Watoto wengi hutoka shuleni mchana, huvua sare, huvaa kanzu na mabuibui, na kufika chuoni bila ya kupitia chunguni. Mtoto anaposinzia juu ya msahafu wake, kabla ya kuinua fimbo muulize swali moja: umekula nini leo? Fimbo humwamsha mtoto, haimshibishi. Chuo kikiweza kuweka tende chache au kikombe cha uji kabla ya darasa la Alasiri, huenda tukaona waliokuwa wakihesabiwa wazito wa kuhifadhi wakihifadhi. Kipaa cha Suffa kilikuwa mahali pa kusomea na pa kulia chakula, na sisi si bora kuliko wao.

Nanyi wanafunzi mnaotusikiliza, mkimwona mwenzenu amekaa kando wakati wa kula, msimcheke wala msimpigie kelele. Mgawieni kimya kimya. Mtume (s.a.w.) ametufahamisha ya kwamba chakula cha mmoja huwatosha wawili, na cha wawili huwatosha wanne. Bakuli mnalogawana leo ndilo litakalokuleteeni udugu mkubwani.

Ndugu Waislamu, katika Sura ya Al-Maun Mwenyezi Mungu amemtaja mwenye kuikadhibisha dini, akamtambulisha kwa alama mbili: humsukuma yatima, wala hahimizi kulishwa masikini. Tutazame vyema: hakulaumiwa kwa kutolisha tu, bali kwa kutohimiza. Basi hata asiye na kibaba cha unga ana ulimi wa kuhimiza. Na katika Sura ya Al-Insan amewasifu waja wema wanaolisha masikini na yatima na mfungwa, hali chakula hicho wanakipenda, wasitake kwa hao malipo wala shukrani. Kwa hiyo tutakapotoka hapa baada ya Sala, wazee wa msikiti wakutane na kamati ya shule iliyo jirani, waulize jambo moja tu: ni watoto wangapi hukaa kando saa nne inapogonga? Wakishaijua idadi, waigawe juu ya nyumba zenye nafasi kabla ya Ijumaa ijayo.

Ewe Mola wetu, tubarikie katika watoto wetu, na uwafungulie vifua vyao kwa elimu yenye manufaa. Ewe Mola wetu, uliyewalisha Makureshi kutokana na njaa na ukawapa amani kutokana na hofu, walishe watoto wetu na uwape amani. Tuepushe na shibe inayosahau na njaa inayokufurisha. Warehemu wazee wetu walioweka wakfu minazi na mashamba kwa ajili ya elimu, na utujaalie nasi tuwaachie wajao kitu cha kutuombea kwacho. Waongoze viongozi wetu katika yenye maslaha kwa watu wako, na utughufirie sisi na wazazi wetu na Waislamu wote, walio hai na waliotangulia. Amin.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mkumbukeni Mwenyezi Mungu naye atakukumbukeni, na mshukuruni kwa neema zake atakuzidishieni. Simamisheni Sala.